Pikapu ya Kazi: Tuchague Daraja Gani?

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Mtu anunuapo kitu cha thamani kubwa hapana budi ajue kwanza anakinunulia kazi gani. Kwetu vijijini, ukiacha shamba na nyumba, hakuna ununuzi mkubwa kupita gari. Na katika magari yote, lipendwalo na wakulima ni pikapu inayoweza kuvutwa na magurudumu yote manne. Lakini pikapu ya jina moja hutoka kiwandani katika madaraja mengi, la chini, la kati na la juu, na bei za madaraja hayo hutofautiana sana. Nataka kueleza namna ya kuchagua daraja lifaalo, ili fedha ya jasho isipotee katika mapambo.

Jambo hili limenifika karibu. Baba yangu na baba zangu wadogo wawili hulima viazi mviringo katika wilaya ya Makete, mkoa wa Njombe. Wameweka akiba kwa miaka minne wapate kununua pikapu moja ya shirika. Akiba hiyo imetoka katika mfuko ule ule unaotutimizia mahitaji ya shule sisi watoto wanane, basi wakikosea, tutakaoumia ni wengi. Likizo iliyopita walinipa kazi ya kusoma karatasi za wauzaji, kwa kuwa zimeandikwa kwa Kiingereza, na kuwaeleza kila neno maana yake. Haya niandikayo ndiyo niliyojifunza katika kazi hiyo.

Kwanza tujue daraja ni nini. Toyota Hilux ilianza kutengenezwa mwaka 1968, nayo ikivutwa na magurudumu ya nyuma tu; ya magurudumu manne ilifuata mwaka 1979. Siku hizi Hilux huuzwa kwa majina ya madaraja ambayo hubadilika kutoka nchi hata nchi. Kule Australia kumekuwa na WorkMate, SR na SR5. Afrika Kusini kumekuwa na Raider na Legend. Ford Ranger nayo ina XL, XLT, Wildtrak na Raptor. Majina haya yana sauti nzuri, lakini hayamwambii mkulima kama gari litapanda mlima wake wakati wa masika. Kwa kawaida chasisi ni ile ile katika madaraja mengi, na mara nyingi injini pia, ingawa katika nchi nyingine daraja la juu hupewa injini kubwa zaidi. Tofauti kubwa imo katika vitu vilivyoongezwa.

Vitu hivyo nimevigawa mafungu matatu. Fungu la kwanza ni vya kazi: mvuto wa magurudumu manne, gia, difu, springi na matairi. La pili ni vya usalama: breki, mikanda na mifuko ya hewa. La tatu ni vya raha na uzuri: viti vya ngozi, vyuma ving'aavyo, redio yenye kioo kikubwa, ngazi za pembeni na ringi za kupendeza. Muuzaji huanza na fungu la tatu, kwa sababu ndilo lionekanalo. Mnunuzi yafaa aanze na la kwanza.

Tutazame mvuto. Pikapu nyingi za magurudumu manne zina hatua tatu. Ya kwanza, magurudumu ya nyuma peke yake, nayo ni ya barabara ya lami. Ya pili, magurudumu manne kwa mwendo wa kawaida, nayo ni ya tope na mchanga. Ya tatu ni magurudumu manne kwa gia nzito, ambayo hupunguza mwendo na kuzidisha nguvu, katika pikapu nyingi mara mbili na nusu hivi. Wanafunzi wa Fizikia wataitambua kanuni hii: ni ile ile ya wenzo, kwamba unachokipoteza katika mwendo unakipata katika nguvu. Hatua ya pili na ya tatu hazifai kwenye lami kavu. Gari likikata kona, magurudumu ya mbele husafiri njia ndefu kuliko ya nyuma. Na kwa kuwa yamefungamanishwa, tofauti hiyo haina pa kutokea. Shafti hukazwa mno na matairi hulika bure.

Sasa difu. Kazi yake ni kuyaruhusu magurudumu mawili ya upande wa kulia na wa kushoto kuzunguka kwa mwendo tofauti kwenye kona. Hapo ndipo ilipo pia hila yake. Gurudumu moja likiwa katika tope laini lisiloshika kitu, difu ya kawaida hulipa gurudumu la pili nguvu ndogo ile ile. Moja huzunguka bure na kurusha tope, la pili husimama juu ya udongo mgumu bila kusaidia. Dawa yake ni kufuli la difu, ambalo huyafunga magurudumu mawili yazunguke pamoja. Kwetu Makete mvua hunyesha tangu Novemba hata Aprili au Mei, na njia ya udongo kutoka shambani huteleza kama sabuni. Kwa sababu hiyo kufuli la difu ya nyuma lina faida kuliko viti vya ngozi kumi. Katika nchi nyingine hata daraja la chini hupewa kufuli hilo, kwingine huanzia daraja la kati. Basi swali la kwanza kwa muuzaji liwe hilo.

Jambo la pili ni uzito, na hapa wengi hushangaa. Kila gari lina uzito wa mwisho ulioruhusiwa na kiwanda, yaani gari lenyewe, watu na mzigo kwa pamoja. Uzito huo mara nyingi huandikwa kwenye kibati au kibandiko katika fremu ya mlango. Ukiongeza mapambo, gari lenyewe huwa zito, na mzigo hauna budi kupungua. Natoa hesabu ya mfano. Tuseme uzito wa mwisho ni kilo 3,000. Dabo kebini ya daraja la chini ina kilo 2,000, na ya daraja la juu ina kilo 2,150. Tukitoa watu wawili wa kilo 70 kila mmoja, ya kwanza imebakiza kilo 860 na ya pili kilo 710. Kwa magunia ya kilo 100, ya kwanza hubeba manane na ya pili saba. Gunia moja kila safari! Katika safari 100 ni magunia 100 yaliyobaki shambani, nasi tumelipa fedha zaidi ili yabaki. Hesabu hii ni ya magunia halali; anayejaza lumbesa anavunja sheria ya vipimo, na springi zake nazo zitavunjika.

Mfano ulio wazi ni Ranger Raptor, ya daraja la juu na bei kubwa. Imetengenezwa kukimbia kwa kasi porini. Nyuma haina springi za mabamba ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine, bali za chuma kilichosokotwa mviringo, na mzigo wake ni chini ya tani moja. Kwa mbio ni gari bora. Kwa viazi, ndugu yake wa daraja la chini anamshinda.

Tusisahau matairi. Daraja la juu mara nyingi huja na ringi kubwa za aloi na tairi lenye ubavu mfupi. Lile la chini huja na ringi za chuma na tairi lenye ubavu mrefu. Ubavu mrefu hupokea kishindo cha jiwe. Tena ringi ya chuma ikipinda kidogo fundi aweza kuinyoosha, lakini ya aloi ikipasuka huna budi kununua nyingine.

Je, daraja la chini ndilo bora siku zote? La, hasha. Katika fungu la usalama uchumi waweza kugharimu roho. Breki za ABS, mfumo wa kuzuia gari lisiserereke, na mifuko ya hewa ya dereva na abiria, vyote vyafaa kudaiwa hata kama vinakupandisha daraja moja. Lakini orodha peke yake haitoshi. Mwaka 2018 shirika la Global NCAP lilipima kwa kuligongesha gari la Nissan NP300 Hardbody lililouzwa Afrika, nalo lilikuwa na mifuko ya hewa ya mbele, likapata nyota 0, kwa kuwa bodi yake haikustahimili kishindo. Kwa hiyo tuulize pia gari limepata nyota ngapi.

Kutokana na hayo nimeipata kanuni moja, nayo ndiyo kiini cha makala haya: tulipie kiwandani kile kisichoweza kuongezwa nyumbani. Redio, vifuniko vya viti, turubai, matairi ya tope, taa za ziada, hata ule mkonga wa kuvuta hewa juu, vyote huongezwa baadaye fedha ikipatikana. Lakini mvuto wa magurudumu manne, gia nzito, mifuko ya hewa na bodi imara havinunuliwi dukani Makambako na kufungwa kwa siku moja. Basi tupande daraja kwa ajili ya hivyo tu, na tukishavipata tusimame hapo.

Kwa wale wanunuao gari lililotumika, nawapa onyo. Muuzaji mmoja, ambaye simtaji, aliwaonyesha wazee wangu pikapu iliyoinuka vizuri, yenye maandishi makubwa ya 4x4 ubavuni. Fundi wetu hakusema neno. Alitandika gunia akaingia uvunguni. Alipotoka alisema, "Mzee, mbele hakuna difu wala shafti. Hii inavutwa na nyuma tu, na maandishi haya yamebandikwa." Kweli viwanda vingi hutengeneza pikapu zilizoinuliwa ambazo huvutwa na magurudumu ya nyuma tu, nazo kwa nje hufanana na zile nyingine. Kwa hiyo usisome ubavu, soma uvungu. Kisha omba gari lijaribiwe katika hatua zote tatu, mahali penye udongo.

Mashauri ya nyumbani yalikuwa marefu. Baba alitaka singo kebini ya daraja la chini, kwa kuwa ni nyepesi na hubeba zaidi. Baba mdogo wa kwanza alitaka dabo kebini ya daraja la juu kabisa. Baba akamwambia, "Mdogo wangu, viazi havikalii ngozi." Baba mdogo akajibu kwa heshima, "Kaka, ni kweli. Lakini masika mgonjwa akizidiwa usiku, au mama akishikwa na uchungu, gari la kwanza litakaloitwa ni hili. Tumlaze nyuma kwenye mvua?" Hapo wote walinyamaza. Nami nikaona kwamba kila mmoja ana haki yake: Baba katika habari ya mapambo, Baba mdogo katika habari ya viti. Niliruhusiwa kusoma hesabu zangu, nao wakapatana juu ya dabo kebini ya daraja la chini, yenye gia nzito, kufuli la difu na mifuko ya hewa. Fedha iliyosalia wameigawa: bima, matairi ya tope, turubai, na akiba ya matengenezo. Ngazi za pembeni na vyuma ving'aavyo havikutajwa tena.

Wazee wetu walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Simlaumu mtu mwenye fedha zake apendaye kukaa juu ya ngozi, akijua analipia raha. Nasema na mzazi ambaye gari lake ni jembe la pili, na wanafunzi wenzangu ambao huenda likizo ijayo wakaombwa kusoma karatasi kama zile. Kabla ya kuuliza bei, muulizeni mnunuzi maswali matatu: Mzigo gani? Njia gani? Watu wangapi? Majibu yakiisha kuandikwa, daraja lifaalo litajionyesha lenyewe, na muuzaji atakuwa na maneno machache ya kuongeza.