Kisanduku Kimoja, Njia Mbili: Kuchagua Kifaa cha Mtandao cha Tawi Lako

Ukiwa na duka moja, intaneti ikipotea unaona mwenyewe na unamwita fundi. Ukiwa na matawi manne, mambo hubadilika. Wewe uko Nakuru, tawi liko Naivasha, keshia anakupigia kusema mtandao haushiki, na hakuna anayejua kama shida ni waya, stima, ruta au kampuni ya intaneti.

Sisi watu wa malipo tunalizungumzia hili kwa sababu moja. Biashara nyingi zimeunganisha nambari ya till na mfumo wa mauzo ili malipo yaonekane papo hapo kwenye kompyuta ya kaunta. Intaneti ya tawi ikikatika, pesa bado zinaweza kuingia lakini keshia hazioni. Foleni ikirefuka, anaanza kuamini ujumbe anaoonyeshwa kwenye simu ya mteja, na matapeli wanajua kutengeneza ujumbe wa uongo unaofanana na ule wa kweli. Kwa hivyo kifaa cha mtandao si shughuli ya fundi peke yake. Kinalinda pesa zako.

Kwa nini kifaa kimoja?

Matawi mengi huanza na vifaa vilivyonunuliwa kimoja kimoja: ruta, swichi ya kugawa nyaya, kifaa cha Waifai, na pengine kingine cha kuzuia wavamizi wa mtandaoni. Kila kimoja kina adapta yake, nenosiri lake na fundi wake.

Siku hizi kuna vifaa vinavyofanya kazi hizo zote ndani ya kisanduku kimoja. Kwa tawi la watu watano au kumi, mara nyingi hicho kinatosha. Faida kubwa ni usimamizi: ukichagua aina inayosimamiwa kutoka mbali, mtu mmoja makao makuu anaona matawi yote kwenye skrini moja na kurekebisha mengi bila kupanda matatu.

Lakini kuna upande wa pili. Kisanduku hicho kikifa, tawi zima limezima. Ndiyo maana tunasema usinunue kabla ya kuuliza maswali haya.

1. Je, kina njia ya pili?

Tafuta chenye nafasi ya laini ya simu, kinachohamia kwenye laini hiyo chenyewe faiba inapokatika. Laini iwe ya kampuni tofauti na ile inayokuletea faiba. Njia ya pili haizuii kila kitu: tarehe 12 Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikawa ya kusuasua Kenya na nchi jirani. Lakini siku wachimba barabara wamekata waya wa mtaa wenu, itakuokoa. Mwambie muuzaji achomoe waya wa faiba mbele yako, kisha ujaribu kupokea malipo.

2. Kasi ni ngapi ulinzi ukiwashwa?

Kasi inayotangazwa kwenye karatasi mara nyingi ni ile ya juu kabisa. Ukiwasha ulinzi wa kukagua kila kinachopita, kasi hushuka. Uliza ile nambari ya chini.

3. Je, kinatenganisha watumiaji?

Kompyuta ya malipo isikae kwenye mtandao mmoja na Waifai ya wateja. Kifaa kizuri hugawa mitandao hiyo hata kama intaneti ni moja. Kumbuka pia Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakutaka ulinde taarifa za wateja wako.

4. Mwaka wa pili nitalipa nini?

Vifaa vingine vina leseni ya kila mwaka. Tuseme kifaa ni Sh 30,000 na leseni ni Sh 12,000 kwa mwaka. Kwa miaka 3 ni Sh 66,000, na kwa matawi 4 ni Sh 264,000. Kifaa cha Sh 45,000 kisicho na leseni kingekuwa Sh 180,000 kwa matawi hayo hayo. Ila kisicho na leseni, uliza mtengenezaji ataendelea kutoa masasisho ya usalama kwa miaka mingapi.

5. Stima ikipotea?

Weka betri ndogo ya akiba. Wengi huweka ya ruta na kusahau kile kiboksi cha faiba kilicho ukutani, ambacho nacho kinahitaji stima. Kikizima, faiba imezima.

Hakikisha pia kifaa kimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, hasa hiki chenye laini ya simu.

Nunua na cha akiba

Chagua aina moja kwa matawi yote, kisha nunua kimoja zaidi. Hifadhi mipangilio ya kila tawi makao makuu na uweke alama za rangi kwenye nyaya. Kifaa cha Gilgil kikiharibika, unapakia mipangilio ya Gilgil kwenye kile cha akiba, unakituma kama kifurushi, na keshia anachomeka waya mwekundu penye nyekundu. Haungoji fundi siku tatu.

Mwisho, andika sheria moja na uibandike kaunta: mtandao ukilala kabisa, malipo yanathibitishwa kwenye simu ya biashara yenye laini yake, kamwe si kwenye simu ya mteja. Kama ujumbe haujafika kwenye simu yenu, bidhaa haitoki.