NENO MOJA KATIKA CHETI CHA ASKARI

Kuna vyeti ambavyo mtu huvipata mara moja katika umri wake, akaenda navyo mpaka kaburini. Katika nchi ya Marekani kimojawapo ni kile apewacho askari siku atokayo jeshini, nacho hujulikana kwa nambari yake, DD 214. Humo huandikwa muda aliotumika, nishani alizopata, na mahali padogo huandikwa sifa ya kutoka kwake: ametoka kwa heshima, au vinginevyo. Maneno hayo ni machache, lakini kwa hayo mwajiri humpima, chuo humfungulia mlango au humfungia, na hospitali ya maaskari wa zamani humpokea au humrudisha.

Tumeona yapasa kulieleza jambo hili kwa sababu mbili. Ya kwanza, katika jamaa zetu waliohamia Marekani wamo vijana walioingia jeshi la nchi ile, na wazazi wao hawajui kilichoandikwa katika cheti mpaka madhara yameshawafikia. Ya pili, habari yenyewe yahusu maradhi ya akili, nayo katika nyumba zetu bado hufichwa kama aibu. Tutaonyesha kwamba kuficha huko ndiko kuwezako kumpotezea mgonjwa haki yake.

SIFA TANO

Sifa zitajwazo mara nyingi ni tano. Ya kwanza ni ya heshima kamili. Ya pili huitwa ya jumla. Bado yahesabiwa kuwa ndani ya heshima, lakini mwenye nayo hukosa fedha za masomo wapatazo wenzake. Ya tatu ni kutoka katika hali isiyokuwa ya heshima, nayo hutolewa na wakubwa wa jeshi pasipo hukumu ya mahakama. Ya nne ni ya mwenendo mbaya, na ya tano ni ya fedheha. Hizi mbili hazitolewi ila kwa hukumu ya mahakama ya kijeshi.

Wagonjwa wengi tunaowakusudia hunaswa katika sifa ya tatu. Askari aliyeshitakiwa aweza kuomba atolewe badala ya kuhukumiwa. Aliye mgonjwa, ambaye hajalala usingizi wa kweli tangu arudi vitani, hutia sahihi upesi ili aende zake nyumbani. Pengine wenzake humwambia kwamba baada ya miezi sita cheti hupanda daraja chenyewe. Hayo si kweli. Cheti hakipandi mpaka mwenyewe aombe, na ombi lake likubaliwe. Na ikiwa alikuwa mgeni aliyepewa uraia kwa sababu ya utumishi wake wa jeshi, sheria yaruhusu uraia huo kuondolewa, akiwa ametolewa katika hali isiyokuwa ya heshima kabla ya kutimiza miaka 5 ya utumishi wa heshima.

MARADHI YALIYOHUKUMIWA KAMA UKAIDI

Na tutoe mfano. Kijana apelekwa vitani, aona wenzake wakiuawa na bomu lililotegwa barabarani, na kichwa chake mwenyewe chatikiswa na mshindo. Arudipo kambini hapati usingizi. Baada ya miezi michache aanza kunywa ili alale. Achelewa gwaride, akikaripiwa, ajibu kwa ukali, siku moja aondoka kambini bila ruhusa. Katika jalada lake kila tendo laandikwa peke yake: kuchelewa, ulevi, ukaidi, utoro. Hapana aandikaye kwamba yote manne yametoka katika shina moja.

Wala mambo haya si ya nadra. Mwaka 2017 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilitangaza hesabu ya maaskari waliotolewa kwa makosa ya mwenendo tangu mwaka wa fedha 2011 mpaka 2015. Walikuwa 91,764. Katika hao, 57,141, yaani 62 katika kila mia, walikuwa wamepimwa na madaktari ndani ya miaka miwili kabla ya kutolewa, wakaonekana wana maradhi ya kiwewe cha vita, au jeraha la ubongo, au maradhi mengine yawezayo kuambatana na makosa ya namna hiyo. Na katika wagonjwa hao, 13,283 walitolewa katika hali isiyokuwa ya heshima.

Waliopigana Vietnam walikuwa na taabu zaidi. Vita vile vilikwisha mwaka 1975, na maradhi ya kiwewe yaliingizwa katika kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980. Askari aliyetolewa mwaka 1970 hakuweza kuonyesha cheti cha daktari chenye jina la ugonjwa ambao haukuwa umepewa jina.

Iko dhuluma ya pili, isiyoonekana upesi. Wengine walitolewa kwa heshima, lakini sababu iliyoandikwa katika cheti ni kasoro ya tabia. Kasoro hiyo huhesabiwa kuwa mtu alikuwa nayo tangu kabla ya jeshi, na kwa hiyo jeshi halidaiwi kitu. Ikiwa kwa hakika ugonjwa wake ulianza vitani, maneno hayo humnyima malipo ya ulemavu na humtia doa mbele ya kila mwajiri akisomaye cheti. Sababu hii nayo yaweza kuombewa mabadiliko, sawasawa na sifa yenyewe.

MILANGO MIWILI

Mlango wa kwanza ni bodi ya kutazama upya vyeti vya kutoka jeshini, ambayo asili yake ni sheria ya mwaka 1944. Kila jeshi lina bodi yake. Maombi huandikwa katika fomu DD 293, nayo yataka kupelekwa kabla haijapita miaka 15 tangu kutolewa. Bodi hii hutazama mambo mawili: je, sheria ilifuatwa, na je, uamuzi ulikuwa wa insafu. Haiwezi kugusa hukumu ya mahakama kuu ya kijeshi. Mwombaji aweza kutaka kusikilizwa kwa mdomo wake, na ni haki yake. Na kama alipelekwa vitani kisha akapata maradhi ya kiwewe au jeraha la ubongo, sheria yataka awemo katika bodi daktari au mtaalamu wa maradhi ya akili.

Mlango wa pili ni bodi ya kusahihisha kumbukumbu za jeshi, iliyotokana na sheria ya mwaka 1946. Fomu yake ni DD 149. Muda wake ni miaka 3 tangu mtu agundue kosa au dhuluma, lakini bodi yaweza kusamehe uchelewaji kwa ajili ya haki, na kwa hiyo hata mzee aliyetolewa zamani asikate tamaa. Aliye ndani ya miaka 15 hutakiwa kupitia mlango wa kwanza kwanza. Milango yote miwili haina ada. Majibu huchukua miezi mingi, na pengine hupita mwaka.

MASWALI MANNE

Kwa miaka mingi wagonjwa wengi waliomba wakarudishwa mikono mitupu. Tarehe 3 Septemba 2014 Waziri wa Ulinzi, Chuck Hagel, ambaye mwenyewe alipigana Vietnam, alitoa waraka wa kuziamuru bodi za kusahihisha kumbukumbu ziyatazame kwa upole maombi ya wenye maradhi ya kiwewe. Tarehe 25 Agosti 2017 Anthony Kurta wa wizara hiyo hiyo alitoa waraka uliofafanua zaidi, ukazifunga bodi zote, ukaingiza maradhi mengine ya akili, jeraha la ubongo, na madhara ya waliodhulumiwa kwa kuingiliwa au kusumbuliwa kimwili jeshini.

Waraka huo waweka maswali manne. Je, askari alikuwa na maradhi, au alipatwa na jambo, liwezalo kuwa udhuru au kupunguza uzito wa kosa? Je, lilikuwako wakati wa utumishi wake? Je, kwa hakika ni udhuru wa kosa lile au lapunguza uzito wake? Na mwisho, je, lina uzito kushinda sababu za kutolewa kwake? Ombi lisilojibu maswali haya manne ni kama mzigo usiofungwa kamba. Hata uwe na mali ndani, utamwagika njiani.

Lakini upole si dhamana. Waraka wenyewe wasema kwamba kosa lililopangwa mapema kwa kawaida halisamehewi kwa sababu ya maradhi ya akili. Asiyelala akachelewa gwaride, jambo lake laeleweka. Aliyekaa mwezi mzima akipanga wizi, sivyo. Wako pia walioona kwamba bodi hazikuufuata upole ulioamriwa, wakaenda mahakamani Connecticut, wakisaidiwa na wanafunzi wa sheria wa chuo cha Yale. Mwaka 2021 yaliidhinishwa mapatano na jeshi la nchi kavu, na mwaka 2022 na jeshi la baharini, ya kutazamwa tena maombi mengi yaliyokuwa yamekataliwa.

USHAHIDI ULIOMO NYUMBANI

Hapa ndipo tulipokusudia kufika. Msomaji aweza kuuliza, ushahidi utapatikana wapi, ikiwa askari hakwenda kwa daktari hata siku moja? Na pengine majalada yenyewe hayako. Mwaka 1973 moto uliiteketeza ghorofa ya juu ya nyumba ya kumbukumbu za maaskari karibu na mji wa St. Louis, yakaungua majalada mamilioni.

Waraka wa mwaka 2017 wajibu jambo hili. Wasema ushahidi si wa jalada la jeshi peke yake, bali waweza kutoka kwa jamaa, marafiki, waliolala naye chumba kimoja, wafanyakazi wenzake, na viongozi wa dini. Maelezo ya askari mwenyewe, hata peke yake, yaweza kuthibitisha kuwako kwa ugonjwa. Mabadiliko ya tabia, kazi kuharibika ghafula, kuanza ulevi, hofu za ghafula, yote haya ni dalili zitakiwazo kutazamwa.

Basi ni nani aliyeyaona? Ni mama aliyemsikia mwanawe akipiga kelele usiku. Ni mke aliyemwona mumewe akikaa mgongo ukutani kila aingiapo mahali penye watu. Ni ndugu aliyepokea barua au simu zake. Ni imamu aliyemwendea akilia. Ikiwa hawa wote wamenyamaza kwa kuona haya, wakawaambia majirani kwamba kijana ana homa tu, mashahidi wamezikwa hai. Wanayemstiri kwa nia njema ndiye wamwachaye mikononi mwa jalada linalosema kwamba yeye ni mlevi na mtoro, wala hapana neno jingine la kulijibu.

Atakayeandika barua kwa bodi na aandike aliyoyaona kwa macho yake, na tarehe kadiri akumbukavyo: alivyokuwa kabla ya kwenda, na alivyokuwa aliporudi. Asijifanye daktari, wala asikane kosa lililotendeka, kwani aliyekiri kosa na kuonyesha chanzo chake husadikiwa kuliko aliyekana yote. Jalada la jeshi na la hospitali yaombwe mapema. Kisha pasilipwe fedha ovyo. Ziko jumuiya za maaskari wa zamani na shule za sheria zisaidiazo bure.

MATIBABU YASINGOJE CHETI

Mgonjwa asikae bila dawa akingojea bodi. Idara ya maaskari wa zamani ina uamuzi wake mbali na bodi, na hata mwenye sifa isiyokuwa ya heshima aweza kuomba. Sheria yake hutambua kwamba aliyetenda kosa akili zake zikiwa zimemtoka asifungiwe mlango kwa kosa hilo. Sisi Waislamu hatulioni jambo hili kuwa geni, kwani katika sheria yetu aliyepotewa na akili haandikiwi dhambi mpaka zimrudie. Tangu mwaka 2018 sheria imewafungulia matibabu ya akili wengi waliotolewa katika hali hiyo, hasa waliotumika vitani. Na anayewaza kujiua, huko Marekani hupiga simu 988 kisha hubonyeza 1, mchana na usiku, wala haulizwi cheti kwanza.

Enyi wazazi, na ninyi vijana mlio na ndugu wa namna hii, kitafuteni cheti hicho mkisome. Angalieni tarehe, mhesabu miaka 15. Kisha mkae na mgonjwa kwa utulivu, mmwulize yaliyompata, mmsikilize mpaka amalize, na mwandike. Ndimi zenu huenda ndizo shahidi pekee aliyebaki.