Tarti ya krimu ya mayai bila oveni: sababu ya kila hatua



Wengi wananiuliza kama tarti ya krimu, ile yenye makombo matamu juu, inaweza kupikwa nyumbani bila oveni. Inawezekana. Lakini mayai 3 na nusu lita ya maziwa si vitu vya kuchezea kwa mtu anayengoja kazi. Njo maana naeleza sababu, si hatua tu.

Msingi. Chukua unga ya ngano gramu 200, margarini 100, sukari vijiko 2 vya supu na chumvi kidogo. Sugua kwa vidole mpaka ifanane na mchanga, kisha weka maji vijiko 3 au 4. Usikande sana: unga ya ngano ikikandwa inavutika, na msingi unakuwa mgumu.

Mbabula. Tia mchanga mkavu, safi, ndani ya sufuria kubwa na nzito, kimo cha vidole 2. Funika, pasha dakika 15. Makala yawe machache chini na mengi juu ya mfuniko: moto wa chini unaunguza msingi, moto wa juu unakausha makombo. Mbabula ikae inje, hata mvua ikitisha. Hewa ya sumu ya makala haina harufu, na imeua watu ndani ya nyumba zilizofungwa.

Tandaza msingi kwenye sahani ya bati, toboa kwa uma, pika peke yake dakika 15 hivi. Usipofanya hivyo, krimu itaulowesha.

Krimu. Piga mayai 3, sukari gramu 90 na maizena vijiko 3 vya supu. Mimina maziwa ya moto polepole huku unakoroga; ukimwaga yote mara moja, mayai yataiva vipande vipande. Rudisha kwenye moto mdogo, koroga bila kuacha. Ikianza kutoa mapovu mazito, iendelee dakika 1. Usiogope: maizena inalinda mayai yasikatike. Tena, kiini cha yai kina kitu kinachovunja nguvu ya maizena, na moto huo ndio unakizima. Ukiondoa mapema, krimu inaweza kuonekana nzito leo jioni, kisha ikawa maji.

Makombo. Sugua unga gramu 75, sukari 50 na margarini 50. Nyunyiza juu ya krimu nzito. Juu ya krimu nyepesi yatazama. Pika dakika 25 mpaka 30, hadi yapate rangi ya dhahabu. Usikate ikiwa moto, maizena inakaza ikipoa.

Sasa jambo la wale wanaotaka kuuza. Maziwa na mayai yaliyopikwa yanaharibika haraka, na ubaya hauonekani kila mara kwa macho wala kwa pua. Tangu itoke kwenye moto, isikae inje zaidi ya masaa mawili. Kama hauna frigo, chukua oda kwanza, pika ya hesabu hiyo tu, peleka mara moja. Kipande cha jana usimuuzie mtu, hata kwa nusu bei. Mteja akiumwa tumbo mara moja, mtaa muzima utajua, na biashara yako itakuwa imekwisha kabla ya kuanza.