Vitabu Viwili Katika Kila Vitano

Kanzidata ya Early English Books Online, ambayo maktaba nyingi za vyuo vikuu hulipia, ina vitabu zaidi ya 146,000 vilivyochapwa kati ya 1473 na 1700. Ukiandika neno kwenye kisanduku cha kutafutia, linasakwa ndani ya vitabu 60,000 hivi tu, yaani asilimia 41. Vingine utavipata kwa jina la mwandishi, anwani au mwaka.

Pengo hilo lina sababu. Picha zilizomo humo zilianzia kwenye maikrofilamu za University Microfilms, kampuni aliyoianzisha Eugene Power kule Ann Arbor, Marekani, mwaka 1938. Picha ya ukurasa, kwa kompyuta, ni madoa tu. Maandishi lazima yatolewe. Tuseme mashine inapatia herufi 95 katika kila 100. Zinasikika nyingi, lakini neno la herufi 7 litatoka zima mara 70 tu katika 100. Na chapa za kale, zenye wino uliovuja, ziliitesa mashine kuliko hivyo.

Ndiyo maana mwaka 1999 vyuo vikuu vya Michigan na Oxford vilianza kuvichapa upya kwa mkono, kwa lengo la kosa lisilozidi 1 katika herufi 20,000. Gharama zilichangiwa na zaidi ya maktaba 150. Kwa kuwa kwa kawaida mradi ulichagua toleo moja la kila kitabu, mengi yaliyoachwa ni marudio, hivyo hasara ni ndogo kuliko ile asilimia 59 inavyotisha.

Tahajia ndiyo inayoniudhi zaidi. Ukitafuta "Kilwa" usitarajie kitu. Mshairi Mwingereza Milton, mwaka 1667, aliuandika mji huo "Quiloa". Jaribu pia "Mombaza" na "Melinde".

Habari njema ni kwamba maandishi 25,000 yalifunguliwa kwa umma Januari 2015, na mengine 35,000 hivi mwaka 2020. Hayahitaji nywila wala ada, kwa hiyo chuo kisichomudu ankara hakina sababu ya kutowaelekeza wanafunzi huko. Picha zenyewe bado ni za kulipia, na ndimo mlimo michoro, ramani na yale ambayo wasomaji wa kale waliyaandika pembeni kwa kalamu. Anayetaka ramani ya pwani yetu iliyomo kwenye kitabu cha enzi hizo bado itambidi abishe hodi kwenye maktaba iliyolipa.