Piko ya bibi harusi ilipopotelea kwenye laptopu

Kwenye kupamba hapa Old Town hakuna mwanamume anayeingia, kwa hivyo kamera tunashika sisi wasichana. Kuna moja niliyopiga kwenye nyumba karibu na Ndia Kuu: taa za zambarau, giza kila pembe. Nikapandisha ISO mpaka picha ikajaa chenga. Nyumbani nikatia ukungu wa kawaida, ule wa Gauss, chenga zikaisha, nikatuma. Usiku huohuo mama wa bibi harusi akanipigia: "Mwanangu, piko ya binti yangu umeipeleka wapi?"

Nikatazama tena. Wallahi, maua yaliyochorwa kwa saa nzima yalikuwa madoa ya kijivu.

Ukungu wa Gauss huchanganya kila pikseli na majirani zake. Wa karibu huchangia zaidi, wa mbali kidogo, lakini rangi haiulizi. Mstari mweusi wa piko na ngozi iliyo kando yake vinapikwa chungu kimoja.

Mwaka 1998 Carlo Tomasi na Roberto Manduchi walieleza kichujio cha bailaterali. Hiki huuliza maswali mawili: jirani yuko umbali gani, na je, rangi yake inafanana na yangu? Asiyefanana hahesabiwi sana. Basi ngozi huchanganyika na ngozi, piko na piko, na mpaka kati yao unabaki. Kipo kwenye After Effects, na kipo pia kwenye kompozita ya Blender, ambayo ni ya bure.

Unachezea vitu viwili: upana wa eneo na kiwango cha tofauti ya rangi. Hicho cha pili ndicho kinachoharibu kazi za watu. Ukikipandisha sana, unarudi kulekule kwa Gauss. Mimi huanza chini kabisa, nakuza picha kwenye kidole chenye mchoro mwembamba zaidi, napandisha polepole mpaka mchoro uanze kulegea, kisha narudi nyuma kidogo.

Laptopu italia, lakini. Fremu moja ya 1080p ina pikseli 2,073,600. Kwa eneo la 21 kwa 21, kila pikseli inapimwa na majirani 440, na sekunde moja ina fremu 25. Feni yangu huvuma kama kusi.

Halafu si dawa ya kila kitu. Nilikijaribu kwenye mlango wa nakshi: mikato mikubwa ilibaki, ila nyufa ndogo na alama za chumvi, zenye rangi karibu sawa na mbao, zikafutika. Mlango wa mababu ukawa kama plastiki. Na uso wa nyanya mwenye mikunjo yake usiuguse kabisa, uwekee maski.

Mama nilimfanyia upya, bila malipo. Akasimamisha video kwenye mikono, akaridhika, kisha akasema bado anaona chenga kwenye pazia. Kweli zipo. Pazia lile lina maua membamba ya rangi ileile ya kitambaa, nikaliacha lilivyo.