Kishikwambi cha Msafiri

Mzazi amnunuliaye mwanawe iPad ya safari na atambue jambo hili kabla ya kutoa fedha. Ile ya Wi-Fi peke yake haina kipokezi cha setilaiti; hukisia ilipo kwa mitambo ya Wi-Fi iliyo jirani, na nyikani mitambo hiyo haipo. Ile iliyoundwa kupokea laini ya simu inacho kipokezi, nacho hufanya kazi hata bila laini, kwani setilaiti za GPS, zilizo juu yetu kiasi cha kilomita 20,200, hutoa ishara zake bure. (Wauzaji wachache hulieleza hilo!) Ramani ndiyo ipakuliwe mapema nyumbani. Dira zote mbili zinayo. Lakini dira huonyesha kaskazini tu, na upande wa Kibla huhesabiwa kutoka pale ulipo.