Taüll: kanisa la milimani lililobanduliwa picha zake

Tarehe 10 Desemba 1123, Askofu Ramon wa Roda alitabaruku kanisa la Mtakatifu Klementi katika kijiji cha Taüll, Katalunya, kaskazini mwa Hispania. Kesho yake akatabaruku jingine, la Bikira Maria, katika kijiji hichohicho. Tarehe ya kwanza haina utata, kwani iliandikwa kwa rangi kwenye nguzo mojawapo ya kanisa lenyewe.

Taüll iko kwenye mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, katika bonde la Boí, milima ya Pirenei. Wakazi wake walikuwa wakulima na wafugaji, na kwao makanisa mawili ya mawe yalikuwa mzigo usiobebeka. Waliogharimia ni ukoo wa Erill, mabwana wa bonde hilo, waliotajirika kwa kupigana upande wa mfalme wa Aragon katika vita dhidi ya watawala Waislamu wa kusini.

Majengo hayo ni ya mtindo wa Kiromaneski, uliotapakaa Ulaya magharibi katika karne ya 11 na ya 12: kuta nene, madirisha madogo, matao ya nusu duara. Katika bonde la Boí unaonekana pia mkono wa waashi wa Lombardia, Italia ya kaskazini, ambao walipenda kuzipamba kuta kwa safu za matao madogo yasiyo na uwazi. Kanisa la Mtakatifu Klementi halina makuu. Ukumbi umegawanywa sehemu tatu kwa safu mbili za nguzo za mviringo, na nguzo hizo hazina nakshi kubwa. Paa ni la mbao, si kuba la mawe. Ndiyo maana nguzo hazikulazimika kuwa nene mno, na ndani pakabaki na nafasi. Upande wa mashariki ukuta unapinda mara tatu, na pindo la katikati, lililo kubwa zaidi, ndipo ilipo altare.

Kinachomvuta mgeni kwanza ni mnara wa kengele. Ni mwembamba, wa mraba, una ghorofa sita juu ya msingi wake, na kila ghorofa imetobolewa madirisha ya matao. Mbali na kuita watu kusali, ulifaa kwa ulinzi: minara ya Taüll na ya kijiji cha Erill la Vall inaonana ng'ambo ya bonde, hivyo habari ya hatari iliweza kupita haraka.

Lakini sifa ya Taüll duniani imetokana na rangi. Mchoraji ambaye jina lake halikuhifadhiwa, na ambaye wataalamu humwita Mwalimu wa Taüll, alichora juu ya altare Kristo ameketi ndani ya umbo la lozi, mkono wa kulia ameuinua, wa kushoto umeshika kitabu kilichofunguliwa. Herufi za alfa na omega zinaning'inia pembeni mwake mithili ya taa. Nyusi na pua zimechorwa kwa mistari michache iliyonyooka, na macho yake makubwa yanamkabili kila aingiaye. Buluu ya picha hizo ilisagwa kutoka aeriniti, madini ya huko huko Pirenei. Kwenye tao la mbele kuna Mwanakondoo mwenye macho saba. Pembeni, Lazaro maskini amekaa mlangoni na mbwa anamlamba vidonda. Hata asiyejua kusoma aliielewa habari hiyo.

Baadaye altare ilifunikwa kwa mapambo ya mbao ya zama za Kigothiki, na sehemu kubwa ya picha ikasahaulika nyuma yake. Mwaka 1907 msafara wa Taasisi ya Masomo ya Katalunya, ukiongozwa na msanifu majengo Josep Puig i Cadafalch, ulipanda mabonde hayo ukipiga picha na kupima makanisa. Hapo dunia ya nje ikaanza kujua kilichokuwapo, na wafanyabiashara wa sanaa nao wakajua. Michoro ya kanisa la Santa Maria de Mur iliuzwa, ikaishia Boston, Marekani.

Bodi ya Makumbusho ya Barcelona ikaamua kununua iliyosalia kabla haijatoroshwa. Kati ya 1919 na 1923 mafundi wa Kiitaliano chini ya Franco Steffanoni walipaka gundi ya wanyama juu ya picha na kubandika vitambaa. Gundi ilipokauka ilijivuta, ikaibandua ile tabaka nyembamba ya rangi kutoka kwenye lipu. Wakaiviringisha kama mkeka, ikashushwa kutoka milimani kwa nyumbu. Leo iko katika Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Katalunya, Barcelona, imebandikwa kwenye maumbo yanayofuata pindo la ukuta wa asili.

Uamuzi ule ulikuwa sahihi, maana njia nyingine iliyokuwapo ilielekea ng'ambo ya Atlantiki. Hata hivyo hasara yake ni ya kweli. Mchoraji alimpangia Kristo wake mahali maalumu: mwanga hafifu wa dirisha dogo, ukimya wa mawe, na waumini waliosimama chini wakiinua nyuso. Hakuna ukumbi wa makumbusho unaoweza kulipa hayo.

Kwa miaka mingi nakala ilijaza pengo kanisani. Mwaka 2013 nakala hiyo ilikuwa imeondolewa, vipande halisi vilivyobaki ukutani vikaonekana, na ukaanza utaratibu wa kurusha mwanga unaoijenga upya picha nzima mbele ya wageni, mstari kwa mstari. UNESCO ilikuwa tayari imeyaingiza makanisa tisa ya bonde hilo katika orodha ya Urithi wa Dunia, mwaka 2000.

Majirani wa Taüll kule Erill la Vall hawajapata ahueni ya namna hiyo. Kanisa lao la Mtakatifu Eulalia lilikuwa na sanamu saba za mbao zinazoonyesha Yesu akiteremshwa msalabani. Sasa mbili ziko Barcelona na tano katika makumbusho ya mji wa Vic. Kanisani zimesimama nakala, zote saba pamoja, ilhali zile za asili zimetenganishwa.